Boga Halikomai kwa Kuulizwa

Wodi ya wajawazito,
3 Machi

Mdogo wangu Kipaza,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana najua barua huwa unaisoma umesimama mlangoni kama askari wa zamu. Mimi sijambo. Shemeji yako naye hajambo. Yuko barabarani na lori lake la saruji, na atapita nyumbani kila atakapopata mzigo wa upande huo. Jirani yetu Fundi Cherehani msalimu sana, umwambie gauni langu aliache kwanza, kwa kuwa mwili alioupima sio huu nilionao leo.

Nimepewa kitanda cha katikati. Chumba kina vitanda vinane, mapazia ya kijani yaliyorudi mafupi kwa dobi, na saa ya ukutani iliyokwama. Miguu imevimba kidogo na kichwa kinaniuma kidogo, ndiyo sababu wameona nikae hapa hadi nijifungue. Usianze kutangaza. Nilikupa jina la Kipaza ungali na meno mawili, na sijapata kujuta.

Sasa la maana. Nimeondoka na kuyaacha maboga shambani, jambo ambalo nyumbani kwetu halikupata kutendeka. Unajua desturi yetu: boga la akiba halikatwi mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba alibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Alikuwa marehemu mama, nikawa mimi, na sasa, upende usipende, ni wewe.

Usidanganywe na ukubwa, wala na rangi peke yake. Tazama kikonyo: kikikauka kikawa kigumu kama kijiti cha kuni, boga linajiandaa. Tazama tumbo lililolalia udongo: weupe wake ugeuke manjano. Ligonge, lijibu kama mlango wa chumba kitupu. Kisha ndipo ubonyeze ukucha. Ukizama, liache. Ukigoma, kata kwa kisu, na kikonyo kibaki na urefu wa kidole. Usilibebe kwa kikonyo, maana si mkono wa birika. Likibebwa hivyo kinang'oka na uozo huingilia hapo. Libebe kwa tumbo, kama mtoto. Uyapange juu ya kichanja cha jikoni, kwenye nyasi kavu, lisiguse moja jingine.

Ukikata mapema utaingiza ndani maji yenye ganda. Ukichelewa, mvua kubwa itayakuta kwenye tope. Hicho ndicho chakula chetu hadi msimu ujao, na safari hii tutakuwa na mdomo mmoja wa ziada. Kwa nini sikungoja niyaingize mwenyewe kabla ya kuja huku, usiniulize.

Nakuombea afya,
Dada yako

—

Nyumbani,
14 Machi

Dada yangu, uliyenilea,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Nyumba ni nzima. Mlango wa nyuma nimeupigilia misumari. Fundi Cherehani anajibu salamu zako na kusema gauni hilo amelipanua tayari, kwa kuwa yeye si mtu wa kungoja habari zimfikie. Mimi nipo likizo, kwa hiyo usihofu kwamba naibia masomo muda wa shamba.

Dada, umeandika neno “kidogo” mara mbili katika mstari mmoja. Miguu imevimba kidogo. Kichwa kinauma kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Nani aliyeipa hospitali haki ya kumlaza mtu miezi kwa sababu ya kidogo? Ama ni kikubwa na wewe unakikata vipande ili nikimeze, ama ni kidogo kweli na wamekuzuia bure. Kati ya mambo hayo mawili sioni la tatu. Daktari amesema nini, kwa maneno yake mwenyewe na si yako?

Nimesimama juu ya meza ya bwalo la chuo mbele ya umati uliojaa hadi madirishani, na sauti yangu haikutetemeka. Lakini asubuhi hizi, nikiingia shambani umande ungalipo, naingia kwa kunyata. Yamelala pale chini ya majani, makubwa, kimya, na kila moja linajua jambo nisilolijua. Napita mstari hadi mstari. Nagonga, nabonyeza, nasikiliza. Jana niliweka sikio kabisa.

“Unatafuta nini humo, matangazo ya saa saba?” Fundi Cherehani aliniuliza akiwa upande wa pili wa ua.

“Nayasikiliza, mama.”

“Yakianza kusema niite. Mimi nina kesi na mume wangu, nataka shahidi.”

Nilicheka, halafu nikarudi kulibonyeza la kwanza tena, kwa kuwa niliwaza: je, kama limekomaa wakati nilipokuwa nacheka?

Nijibu upesi. Nijibu yote.

Mdogo wako,
Kipaza

—

Wodini,
27 Machi

Kipaza,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako niliwasomea wenzangu wa vitanda vya jirani, wakauliza uchaguzi ni lini. Wanakusalimu.

Mimi naendelea. Hapa wanatupima presha asubuhi, mchana na jioni. Muuguzi anakaza ule mkanda mkononi, anatazama, anaandika, anaondoka bila kusema. Nimejifunza kuisoma nyusi yake ya kushoto. Chakula ni cha moto. Mama wa kitanda cha dirishani, yule aliyekuwa akitusukia nywele, alichukuliwa juzi mchana kwa haraka. Baadaye walikuja kutandika shuka mpya. Dirisha sasa halina wa kulifunga, kwa hiyo upepo unatupata kidogo.

Likizo gani hiyo iliyokukuta katikati ya muhula? Nauliza tu.

Kuhusu maboga, umenishtua. Nilisema ubonyeze likishaonyesha dalili, sikusema uyabonyeze kila kunapokucha. Ganda changa ni ngozi, mdogo wangu. Kila alama ya ukucha ni mlango, na huwezi kujua nani atauingia. Boga halikomai kwa kuulizwa. Weka mikono nyuma upite ukitazama.

Kuna daktari kijana hapa, viatu vyake vinalia kama vifaranga, hivyo tunamsikia kabla hajafika. Amekuja na neno lake. Nimemwambia tungoje.

Mvua huko vipi?

Dada yako

—

Nyumbani,
5 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku mawingu yanakusanyika upande wa mlimani kila alasiri, yanatutisha, yanaondoka. Mbuzi wa Fundi Cherehani amezaa. Shemeji hajapita bado. Nimemwachia ujumbe kwa wapakiaji wa saruji.

Barua yako imefika ikiwa imechelewa. Nilipofika kwenye maneno “kila alama ya ukucha ni mlango” nilikimbia shambani bila viatu. Dada, mstari wote wa juu una alama zangu. Miezi midogo ya ukucha, mamia, iliyopangwa juu ya ganda kama mihuri ya mtu asiyeamini saini yake mwenyewe. Mengine alama zimekauka na kufanya kovu. Matatu yamelainika pale pale nilipogusa, na moja lilipasuka mkononi likanitolea harufu ambayo hadi sasa naisikia kwenye mkate. Nani aliyaharibu? Si funza, si mvua, si mwizi. Ni hofu yangu, iliyokuja kila asubuhi ikijiita uangalizi.

Na kwa kuwa umeuliza tu, nami nijibu tu: si likizo. Nimesimamishwa. Tuligoma, nikasema yale niliyosema juu ya meza, nao wakafunga lango nikiwa upande wa nje. Sikukuambia kwa kuwa presha yako sikutaka iwe na ngazi nyingine ya kupandia. Umeona, basi, kwamba hata mimi najua kukata jambo vipande.

Sasa zamu yako. Daktari amekuja na neno lake. Neno gani? “Nimemwambia tungoje.” Tungoje nini? Na yule mama wa dirishani, Dada, amerudi?

Jambo jingine: mmea wa mwisho, ule wa karibu na mtaro, majani yake yamelala tangu jana kama miavuli iliyovunjika. Nimemwagia maji, hayakuinuka. Nilipofukua nikakuta funza ndani ya shina. Boga lake ndilo kubwa kuliko yote, lakini bado ni kijani, isipokuwa mchirizi wa manjano karibu na kikonyo. Sikulibonyeza. Niliweka mikono nyuma. Nifanye nini nalo?

Kipaza

—

Nyumbani,
18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimekwenda posta hadi karani anaponiona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nyumba ni nzima. Habari za nyumba zimekwisha hapo.

Shemeji amepita jana. Hakuzima hata injini. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akavua kofia, akaivaa, akaivua.

“Dada yako hajakuandikia?”

“Ananiandikia habari za mapazia.”

Alicheka vibaya, kile kicheko cha mtu aliyekwamwa na mfupa. Kisha akasema. Kwamba presha yako imepanda na dawa haziishushi. Kwamba unaona vimulimuli mchana. Kwamba daktari mwenye viatu vya vifaranga anataka kukupasua na kumtoa mtoto sasa, kabla ya siku zake, kwa kuwa akingoja huenda asikutoe wewe ukiwa hai. Na kwamba wewe umekataa.

“Mwambie, shemeji,” nilimwambia. “Wewe ni mumewe.”

“Nimemwambia. Akanijibu, ‘Wewe unajua saruji.’”

Alipoondoka nilisimama barabarani kwenye vumbi lake, jua la mchana juu yangu.

Dada, mimi ni mtu wa maneno. Nimeyatumia kuwatoa wenzangu mia kadhaa vyumbani mwao. Leo nayakusanya yote, na yote ni machache. Sikuandikii kukushinda kwa hoja. Nakuandikia kwa sababu hilo boga la mtaroni nimelikata.

Fundi Cherehani alinizuia. “Halijakomaa hilo. Utakula maji.” Alinielezea kwa upole, na kila alichosema ndicho ulichonifundisha: kikonyo kibichi, tumbo jeupe, ukucha ungezama kama kwenye sabuni. Siku nzima nililizunguka. Kila dalili ilisema bado. Nami nikajiuliza: bado, kwa kungoja nini? Shina limekufa. Boga halinyonyi tena kitu chochote pale. Halikomai, linalala tu juu ya maiti, na uozo wa shina unapanda kuelekea kwake. Dalili zile zote ni za boga lenye mmea ulio hai. Hili halina. Basi nikakata, nikaacha kikonyo kirefu, nikalibeba kwa tumbo, nikaliweka kwenye kichanja upande wa jiko penye joto la siku nzima.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Ule mchirizi wa manjano umetambaa. Sisemi limekomaa. Sisemi litapona. Nasema unatambaa, na kule kwenye shina lililokufa usingetambaa.

Wewe ndiwe shina, Dada. Sina lugha ya kulipamba jambo hilo.

Kila mwaka, siku yangu ya kuzaliwa ndiyo siku ya kifo cha mama, nawe hunipikia kitu kitamu huku umenipa mgongo. Hukuwahi kuniambia alichelewa kwenda hospitali kwa nini. Niambie sasa. Au usiniambie, lakini mkubalie daktari. Nitapanda lori la kwanza nije.

Mdogo wako

—

Wodini,
22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako mbili nimeletewa pamoja leo, maana walinihamishia chumba cha peke yangu, na barua zikabaki kwenye kitanda cha katikati zikimsubiri mtu asiyekuwapo. Chumba hiki hakina pazia, na hawataki mwanga uniumize, basi wameziba dirisha kwa karatasi za bluu. Naandika polepole. Mistari inacheza, usinicheke mwandiko.

Usije. Ukija, nitajua umekuja kuniaga.

Habari ya chuo niliijua tangu Machi. Fundi Cherehani aliniandikia kabla wino wa barua yako ya kwanza haujakauka. Sikusema kwa sababu nilipenda unavyonidanganya; ulikuwa unajitahidi.

Yule mama wa dirishani hakurudi.

Kuhusu mama. Nilikuwa na umri wa kubeba boga moja kwa wakati. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vya baba havikumtosha, na akasema kichwa kinapigwa nyundo. Mkunga alipita asubuhi akamwambia, twende hospitali leo. Mama akatazama mawingu, akasema, “Niyaingize haya kwanza.” Yeye akikata, mimi nikibeba. Tuliyaingiza yote. Hakuna hata moja lililolowa. Akakaa chini pale kwenye mlango wa jiko kuyatazama, na hakuinuka mwenyewe. Wewe ulitolewa jioni. Tuliyala maboga yale msimu mzima, Kipaza. Yalikuwa matamu. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Ndiyo maana nilipoanza kuvimba niliyaacha yote nikaja. Nikadhani nimeshapata somo.

Lakini na mwanangu wa kwanza unamkumbuka. Ulikuwa shule. Alikuja kabla ya siku zake, alikuwa na kope, alikuwa na kila kitu, akapumua hadi mchana, basi. Nilimshika muda wote, na vidole vyangu havikuwa na la kufanya. Mama alingoja, akafa. Mwanangu hakungoja, akafa. Daktari akisema “sasa”, mimi namwona mtoto mwekundu asiye na pumzi. Nikisema bado, namwona mama mlangoni. Haya, niambie wewe msomi, ukucha niubonyeze wapi?

Hilo la shina lililokufa nilikuwa nalijua. Nimekata maboga ya namna hiyo kila mwaka uliokuwa na funza, nikayaweka penye joto, na mengine yalikomaa na mengine hayakukomaa. Nilijizuia nisilijue. Umelitoa nje ukaliweka mezani, ndio ubaya wa kukusomesha.

Viatu vinalia ukumbini. Anakuja. Naifunga barua hii kabla hajaingia, kwa sababu nikishamjibu sitakuwa na mkono wa kuandika, kwa vyovyote nitakavyomjibu.

Dada yako

—

Nyumbani,
30 Aprili

Dada,

Sijui kama shikamoo hii inafika.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimeipokea leo, na kile ulichomjibu daktari kimeshatendeka mahali fulani, au hakikutendeka, na mimi nimesimama hapa na bahasha mkononi kama mtu anayetazama nyota ambayo huenda ilizimika zamani. Lori la shemeji liko mbali safarini, na habari zake sina. Nilitupa nguo mfukoni nikatoka. Nikarudi. Ulisema nisije. Nikatoka tena hadi getini. Ulisema nitakuwa nimekuja kukuaga. Nimerudi, nimefunga geti, ufunguo nimempa Fundi Cherehani akae nao ili nisitoke tena.

Mvua imeanza. Matone makubwa, ya mbali mbali bado. Yaliyosalia shambani ni karibu nusu. Niliingia na kisu nikakata matano, nikasikia ngurumo, na ghafla nikamwona mama akikata nawe ukibeba, na kisu kikaniponyoka. Nimeyaacha, Dada. Niliketi jikoni penye joto nikaisikiliza mvua ikiyanyeshea. Asubuhi nitaingiza yatakayokuwa yamesalia. Si kwa uvivu. Nilitaka, walau mara moja katika nyumba hii, yalowe.

Naogopa. Nimetafuta neno jingine lenye heshima zaidi na sikulipata.

Kipaza

—

Wodini,
4 Mei

Kipaza wangu,

Naandika kwa penseli, nimelala. Salamu utajisalimia mwenyewe.

Nilimwambia ndiyo. Nilisema nikiwa nimefumba macho, na nilisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi aniulize tena, nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Ni wa kike. Amekaa kwenye kisanduku cha kioo chenye taa ya joto, katika chumba kingine. Hawaniruhusu kusimama, presha bado haijashuka na mkanda hauniachi. Shemeji yako ameniwekea kiti cha magurudumu wakanisukuma hadi kwenye kioo, mara moja. Ni mdogo kama kiatu. Kifua chake kinapanda na kushuka kwa kasi, kisha kinatulia, na mimi natulia, kisha kinapanda. Muuguzi amesema wasimguse-guse, ngozi haijawa ngozi. Kila mguso unamchosha.

Kucha anazo. Nimeziona. Ndogo kama magamba ya dagaa, zimefika hadi ncha za vidole. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonifanya nilie.

Nikimuuliza daktari, anasema tungoje. Sasa yeye ndiye anayesema.

Usiniulize kitu, mdogo wangu.

Dada yako

—

Nyumbani,
15 Mei

Dada yangu, mama wa binti,

Shikamoo. Ifike salamu yangu kitandani, imfikie na yule wa kwenye kioo bila kumgusa.

Huku mvua imetulia. Ua umeanguka upande mmoja, na sasa mbuzi wa Fundi Cherehani wanatutembelea bila kubisha hodi. Katika ile nusu iliyolowa, nimeokoa mengi kuliko nilivyotegemea. Machache yamebaki kwenye tope na nimeyafukia hapo hapo. Yale yenye alama zangu nimeyatenga upande wake, tutayala mwanzo, kabla hayajaharibika. Chuo wameniita kikaoni nijitetee. Nimewajibu kwa mstari mmoja. Karani wa posta aliusoma akasema, “Leo umeishiwa?”

Kichanja kimejaa, hakuna linalogusa jingine. Lile la mtaroni lipo mahali pake upande wa jiko. Ile rangi ya manjano imezunguka, imebaki sehemu ya chini ambayo siioni bila kuligeuza, nami siligeuzi. Kikonyo kimeanza kukauka kwenye ncha. Jioni Fundi Cherehani aliingia kuazima chumvi, akasimama mbele yake akakitazama kikonyo.

“Kumbe,” alisema. Kisha akainua kidole gumba.

Nilimshika mkono. Yule mama ana ulimi kama wembe, unamjua. Alinitazama usoni, akashusha mkono wake polepole, akasahau na chumvi yenyewe.

Tunapita mbele ya boga hilo asubuhi tukienda kuchota maji na jioni tukirudi. Halijalainika. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia, na sitasema zaidi ya hilo, wala kuhusu boga wala kuhusu kingine. Hofu bado iko humu ndani, inakaa nami mezani, tunakula pamoja. Lakini nimeinyima mikono.

Kucha zangu nimezikata, Dada. Zote kumi, hadi kwenye nyama.

Mdogo wako,
Kipaza